Hasira ya Mwalimu Mbele ya Darasa

Mwanachuo aendapo kufanya mazoezi ya kufundisha huchukua andalio la somo, zana na maswali. Jambo ambalo aghalabu hakuliandalia ni hasira yake mwenyewe. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi hasira inavyomnyima mwalimu habari anazozihitaji, na namna anavyoweza kuitawala.

Tuchukue mfano wa somo la hesabu. Mwalimu amekwisha kufundisha kutoa kwa kuchukua mara tatu. Anaandika ubaoni 52 − 27, na mwanafunzi anajibu 35. Papo hapo tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu ya mwalimu: moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza. Mwili wake umejiandaa kupigana, wala haukujiandaa kupima jibu.

Lakini jibu hilo lina maana. Katika mamoja, mtoto ametoa 2 katika 7 akapata 5. Katika makumi, ametoa 2 katika 5 akapata 3. Hakuzembea, bali amefuata kanuni aliyojitungia, kwamba siku zote namba ndogo hutolewa katika kubwa. Dawa yake ni vijiti: mafungu matano ya kumi kumi na vijiti viwili. Mtoto afungue fungu moja, abaki na mafungu manne na vijiti 12. Akiondoa vijiti 7 na mafungu mawili, ataiona 25 kwa macho yake. Mwalimu aliyekwisha kuinua fimbo hataligundua hilo, na mtoto aliyechapwa atajifunza kulificha daftari lake.

Tena, Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 ziliweka viboko kuwa adhabu ya makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kukosea hesabu si kosa la namna hiyo. Nchini Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001.

Basi, hasira ipandapo, twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu azitambue dalili zake mwilini, kwani mwenye kuitambua hasira mapema huweza kuizuia. Pili, acheleweshe tendo: aweke chaki chini, avute pumzi taratibu, alipe darasa zoezi fupi la kuandika. Tatu, amwulize mtoto kwa sauti ya kawaida, "Umepataje jibu hili?" na asikilize mpaka mwisho.

Hatusemi kwamba mwalimu mwema hakasiriki. Hasira ni hali ya kila binadamu; hasara huja pale inapoachwa iongoze mkono.

Zoezi: Kwa muda wa juma moja, andika kila jibu lililokuudhi darasani. Kando yake, eleza njia ya kufikiri ambayo huenda mtoto aliifuata.