Kihisi Joto cha Ziada Katika Gari: Mambo ya Kujua Kabla ya Waya Kukatwa

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, gari ni mtaji. Noah inayobeba abiria kati ya Tarime, Nyamongo na Mugumu, Probox inayopeleka ndizi sokoni, na Land Cruiser inayoingiza watalii hifadhini, zote hulisha familia. Gari likichemsha njiani, hasara haiishii kwenye injini. Hugusa ada ya shule, marejesho ya mkopo na usalama wa abiria.

Magari mengi madogo yanayotoka Japani hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi, na taa nyekundu injini inapochemsha. Mara nyingi taa nyekundu inapowaka, dereva amekwisha kuchelewa. Kwa sababu hiyo, wamiliki wengi huomba fundi awafungie geji ya joto ya ziada. Nia hiyo ni njema. Somo hili linaeleza namna kazi hiyo inavyoweza kulinda injini, na namna inavyoweza kuiharibu.

Kihisi joto hufanya kazi gani?

Kihisi joto, ambacho mafundi hukiita sensa, ni kifaa kidogo kinachozama katika maji ya kupozea injini. Ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Katika magari mengi ya Toyota, kihisi kilicho katika nyuzi 20 za Selsiasi huwa na ukinzani wa takriban ohm 2,500. Katika nyuzi 80 ukinzani hushuka hadi takriban ohm 300.

Kompyuta ya injini, maarufu kama kontroli boksi, hupeleka umeme mdogo wa volti 5 kwenye kihisi hicho, kisha hupima volti zinazobaki kwenye waya. Volti nyingi humaanisha injini ni baridi. Volti chache humaanisha injini ni ya moto. Kwa kipimo hicho kompyuta huamua kiasi cha petroli, na katika magari mengi huamua pia wakati wa kuwasha feni ya rejeta. Kwa hiyo waya huo mwembamba hubeba taarifa ambayo uhai wa injini unaitegemea.

Kosa linalogharimu injini

Kosa kubwa ni kuchuna waya wa kihisi cha kompyuta na kuunganisha hapo waya wa geji mpya, ili kihisi kimoja kitumikie vifaa viwili. Kazi hiyo huchukua dakika chache na huonekana rahisi, lakini madhara yake huja kwa njia mbili.

Kwanza, geji huongeza njia nyingine ya umeme. Tuseme alfajiri ya baridi Tarime kihisi kina ohm 2,500, na geji iliyounganishwa sambamba nacho ina ohm 1,000. Kompyuta itaona takriban ohm 700, yaani joto linalozidi nyuzi 50. Itapunguza petroli, na injini itakuwa ngumu kuwaka au itazimazima.

Pili, geji nyingi hutumia umeme wa betri wa volti 12. Umeme huo ukirudi kwenye waya wa kihisi, volti hupanda na kompyuta hudhani injini ni baridi ilhali inachemka. Feni inaweza kuchelewa kuwaka, na petroli humwagwa kupita kiasi. Kompyuta yenyewe inaweza kuungua. Mmiliki aliyetaka kuilinda injini huwa ameiziba macho.

Njia iliyo sahihi

Geji ya ziada iwe na kihisi chake yenyewe, waya zake yenyewe, na fyuzi yake. Waya wa kompyuta usiguswe. Kihisi kipya kinaweza kufungwa mahali penye tundu la akiba kwenye injini, au kwenye kiungo cha chuma kinachowekwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta.

Kihisi cha waya mmoja hutegemea chuma cha injini kukamilisha njia ya umeme. Kikifungwa kwenye kiungo kilicho katikati ya mpira, hakigusi injini. Lazima kiungo hicho kipewe waya wa athi unaofungwa kwenye injini. Vilevile, utepe mwingi wa kuzuia uvujaji kwenye nyuzi za kihisi huweza kukata njia hiyo ya umeme na kuifanya geji idanganye.

Geji si mbadala wa maji

Kihisi husoma kile kinachokigusa. Maji yakivuja yote, kihisi hubaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati silinda hedi inaungua. Mshale ukishuka ghafla katikati ya mlima, usifurahi, simama.

Sehemu nyingi za nyanda za Tarime zina mwinuko wa takriban mita 1,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi zipatazo 95, si 100. Mfuniko mzima wa rejeta huzuia hali hiyo kwa kutunza shinikizo. Mfuniko uliochoka huruhusu maji kuchemka mapema. Badilisha mfuniko mbovu kabla ya kufikiria geji. Kamwe usiufungue injini ikiwa ya moto.

Usikubali pia thamostati itolewe kama tiba ya kuchemsha. Bila thamostati, injini huchelewa kupata joto lake. Kompyuta huendelea kuongeza petroli, na chanzo cha tatizo hubaki palepale.

Kabla ya kulipa

1. Muulize fundi: “Geji hii ina kihisi chake? Utakifunga wapi? Je, utakata waya wowote wa kompyuta?” Akijibu kwamba atakata, tafuta fundi mwingine.
2. Andikeni makubaliano: aina ya kifaa, gharama ya kifaa, gharama ya ufundi, na muda wa dhamana.
3. Dai risiti ya kifaa na ya kazi, pamoja na boksi la kifaa na kipuri chochote kilichotolewa.
4. Kazi ikiisha, acha injini ipate joto mbele yako hadi feni iwake na kuzima yenyewe. Taa ya cheki injini isiwake. Ikiwaka, gari lipimwe kwa mashine kabla hujaondoka.

Haki yako kama mlaji

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, asili au matumizi ya bidhaa au huduma. Kihisi cha bandia kilichouzwa kwa jina la mtengenezaji anayejulikana kinaguswa pia na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Ukipata hasara, rudi kwanza kwa muuzaji au fundi ukiwa na risiti, makubaliano na picha za waya zilivyofungwa. Usiruhusu gereji nyingine ifungue kazi ile kabla hujapiga picha, kwa maana ushahidi ukiondolewa hoja yako hudhoofika. Mkishindwa kuelewana, wasilisha malalamiko kwa maandishi kwa Tume ya Ushindani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kihisi kimoja kisitumikie geji na kompyuta kwa pamoja?
2. Mshale wa joto ukishuka ghafla safarini, unaweza kumaanisha nini?
3. Kihisi cha waya mmoja kwenye mpira wa rejeta kinahitaji nini zaidi?
4. Ni ushahidi gani uutunze kabla ya kulalamika?

Ukiweza kuyajibu maswali haya mbele ya fundi wako, umekwisha kuilinda injini yako kabla waya haujakatwa.