Mkate wa Kukunja wa Mdalasini, na Habari ya Unga wa Muhogo

Je, ngano imekuwa ghali kwenu Bunda? Changanya na muhogo! Chukua vikombe vitatu vya ngano, kimoja cha muhogo, hamira vijiko vidogo viwili, chumvi kidogo na maji ya uvuguvugu. (Maziwa yanakusumbua tumbo? Achana nayo.) Usizidishe muhogo, maana ngano ndiyo inayonata na kushika hewa ya hamira. Kanda, funika saa moja, sukuma, paka mafuta, nyunyiza sukari na mdalasini, kunja kama mkeka, kata. Oka kwenye sufuria: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko.

Bibi ana kisukari? Kupunguza sukari tu hakutoshi, kwani unga wenyewe hugeuka sukari mwilini. Mpe kipande kidogo kimoja.

Sasa sikiliza vizuri. Muhogo mchungu una sumu, na kuoka peke yake hakuimalizi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wengi wilayani Tarime walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Njaa ilikuwa imewafanya waharakishe kuandaa muhogo. Kwa hiyo, uwe Musoma mjini au Butiama, muulize anayekuuzia unga: muhogo huu uliloweka au kuvundika siku ngapi kabla ya kuuanika? Akisema hakuloweka wala kuvundika, usinunue.