Jihadharini na umeme mnapochemsha maji ya ikigage

Baadhi yetu hapa Kigali huchemsha maji ya ikigage, pombe ya mtama, kwa hita ya umeme. Umeme wa Rwanda ni volti 230. Unaua, hasa mikono au sakafu ikilowa.

1. Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Waya mwembamba wa taa hupata moto na plastiki yake huyeyuka. Tumia soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi.

2. Kabla ya kukoroga au kugusa sufuria, zima swichi na uchomoe plagi.

3. Mtu akinaswa, usimshike! Zima swichi kubwa. Ukishindwa, simama pakavu, umsukume kwa fimbo kavu. Piga 912, gari la wagonjwa.