Mpenzi wa Magari wa Kweli ni Nani?

Swali: Je, mwenye gari la bei kubwa ndiye mpenzi wa magari wa kweli? (Msomaji, Masasi)

Jibu: Kumiliki gari na kulipenda ni mambo mawili, kwa kuwa mpenzi wa magari hutambulika kwa kuijua tabia ya chombo chake. Anayeienzi Land Rover, kwa mfano, iliyozinduliwa mwaka 1948, hujua kwamba bodi yake iliundwa kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo kutu huitafuta kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima. Anapoteremka kutoka Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, huweka gia ndogo ili injini yenyewe izuie mwendo na breki zisishike moto. Penye mchanga mzito hupunguza upepo wa matairi ili yatanuke na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Asubuhi, kabla ya kuwasha, huchomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, kisha akakichomoa tena, kwani kipimo cha kwanza hudanganya. Rangi na muziki, ambavyo navyo vina raha yake, huja baadaye.