Mavi ya Chuma Katika Newfoundland

Newfoundland ni kisiwa kikubwa cha nchi ya Kanada. Kwenye ncha yake ya kaskazini kuna kijiji kidogo cha wavuvi, jina lake L'Anse aux Meadows. Mwaka 1960 Helge Ingstad, mtu wa Norwei, alifika kule akitafuta magofu ya kale. Mvuvi mmoja, George Decker, akampeleka karibu na kijito, akamwonyesha vituta vilivyoota majani. Wanakijiji walidhani ni kambi ya zamani ya Wahindi, ndio wenyeji wa asili wa Amerika.

Mke wake Helge, Anne Stine, alikuwa mtaalamu wa kufukua vitu vya kale. Toka mwaka 1961 hata 1968 ndiye aliyeongoza wachimbaji. Wakakuta misingi ya nyumba 8. Lakini nyumba za nani?

Vitu vidogo vilitoa jibu. Walipata msumari wa chuma, na pini ya shaba ya kufungia joho. Walipata kijiwe cha mviringo chenye tundu katikati, cha kusokotea nyuzi. Kusokota kulikuwa kazi ya wanawake. Basi wanaume hawakuja peke yao. Na kando ya kijito, tanuru dogo na mavi ya chuma! Mtoto wa mhunzi hahitaji kuelezwa zaidi. Wenyeji wa kisiwa kile hawakuyeyusha chuma. Ni Waviking, watu waliovuka bahari kutoka Greenland.

Walifika lini? Kila mwaka mti huongeza pete moja ndani ya shina. Mwaka 993 miali mikali kutoka angani iliacha alama katika pete za miti duniani pote. Wataalamu walitwaa vipande vya miti mitatu vilivyokatwa kwa chuma, wakaiona alama ile, wakahesabu kufika ganda: miaka 28. Basi mwaka 2021 wakatangaza: miti ile ilikatwa mwaka 1021. Columbus alivuka bahari mwaka 1492 tu.

Je, Waviking walikuwa wa kwanza? Hata kidogo. Wenyeji wa asili walikaa pale miaka elfu nyingi mbele yao, na wengine wakaja baada yao. Meko yao pia yamefukuliwa palepale. Wale wavuvi hawakukosea kabisa.

Maulizo: Mavi ya chuma yalionyesha nini? Mwaka wa kukatwa miti ulijulikanaje?