Bangi na Pasipoti Yako

Kijana wa Tunduma, mpaka unauona kila siku. Unavuka Nakonde, unanunua kitu, unarudi, basi. Ndiyo maana jamaa akikupa elfu ishirini umvushie kifurushi, unaona ni kibarua kama vibarua vingine. Kina nini? "Majani tu," anakwambia.

Vijiweni utasikia eti Zambia bangi ni ruksa. Si kweli! Sheria yao ya mwaka 2021 inawahusu wenye leseni ya kuilima kwa ajili ya dawa na kuuza nje. Wewe mwenye msokoto mfukoni haikuhusu. Na kule u mgeni: ukishafungwa unaweza kurudishwa kwenu na kupigwa marufuku kuingia tena. Kwa utingo wa malori ya Lusaka, hapo kazi imekwisha. Huku kwetu nako, anayesafirisha anaweza kula miaka 30. (Habari za mapafu na akili tuziache leo.)

Je, ukibahatika kwenda Marekani? California bangi inauzwa dukani, lakini sheria ya serikali kuu haiitambui ruhusa hiyo, na uhamiaji wanafuata serikali kuu. Mwaka 2019 walieleza wazi: mwenye grini kadi akivuta, au hata akiajiriwa tu katika duka lenye leseni, anaweza kunyimwa uraia. Kwenye usaili ukijibu "ndiyo, zamani kidogo", inaweza kuhesabiwa umekiri kosa. Kudanganya nako ni kosa jingine. Muone mwanasheria kabla hujajaza fomu.