Somo kwa Mafundi Seremala: Nati na Washa za Mashine ya Kupasulia Mbao

Somo hili ni kwa mafundi seremala na vijana wanaojifunza kazi hapa Dzaleka, na pia kwa ndugu wenye kazi za mbao Biwi na sehemu nyingine za Lilongwe. Linahusu sehemu ndogo ya mashine ya mezani ambayo wengi hawaitazami mpaka msumeno uanze kutikisika: nati inayobana msumeno wa duara, pamoja na washa mbili zinazoushika huku na huku. Waliojifunza kazi kwa Kifaransa wanazijua kwa majina ya ekru na rondeli.

Kwanza, zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Usitegemee swichi peke yake. Mashine nyingi za zamani zina swichi ambayo hubaki imewashwa hata umeme ukikatika. Januari 2022 dhoruba Ana iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira, na wakazi wa Malawi wanakumbuka muda mrefu wa giza uliofuata. Fundi akishika msumeno wakati umeme umekatika, na swichi haijazimwa, umeme ukirudi vidole vyake vitakuwa katikati ya meno.

NATI HUFUNGUKA UPANDE GANI?

Simama mahali unaposimama ukipasua mbao. Meno ya juu ya msumeno huja kwako. Uzi wa nati umekatwa kwa kufuata jambo hilo, ili kazi izidi kuikaza nati badala ya kuilegeza. Basi shika kanuni hii: nati hufunguka kwa kuzungushwa upande uleule unaozungukia msumeno, na hukazwa kwa upande wa kinyume. Weka spana juu ya nati, mpini ukielekea juu. Ukiivuta kwako, inafunguka. Ukiisukuma mbele, inakaza.

Nati ikiwa kushoto mwa msumeno, uzi wake ni wa kushoto; ikiwa kulia, ni uzi wa kawaida. Asiyejua hili huzidi kuikaza huku akidhani anaifungua. Kisha huongeza bomba kwenye spana, au hupiga nyundo, na hapo shafti hupinda au beringi huharibika. Nguvu ya mkono mmoja na spana ya kawaida inatosha kabisa.

Mashine ya fezi tatu ina hatari yake ya pekee. Waya mbili zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume, na nati iliyokazwa vizuri inaweza kujifungua yenyewe. Hutokea hasa mashine inapohamishwa au inapounganishwa na jenereta. Kwa hiyo baada ya kila uunganishaji mpya, ondoa msumeno, nati na washa ya nje, washa mota kidogo tu na utazame shafti inazungukia wapi.

WASHA SI KIPANDE CHOCHOTE CHA BATI

Washa ya ndani kwa kawaida hukaa daima kwenye shafti. Ya nje hutoka. Nyingi zimechimbwa kidogo katikati ili zibane kwa ukingo tu. Upande uliochimbwa hutazama msumeno. Ukiigeuza, washa itabana karibu na tundu peke yake, na msumeno utapepea.

Washa ya nje ikipotea, wengine huweka ile ya boliti za ujenzi. Hiyo ni ndogo, nyembamba, na mara nyingi haikunyooka. Tufanye hesabu. Washa ina upana wa milimita 80 na msumeno milimita 300. Uchafu unaoinua ukingo wa washa kwa sehemu ya kumi ya milimita huwa karibu mara nne kwenye meno. Kama mkato wa milimita 3 unakuwa wa milimita 4, mikato kumi imekula sentimita nzima ya ubao uliounulia kwa pesa yako. Paini ya Chikangawa ina utomvu mwingi, na utomvu ukikauka kwenye washa hufanya kazi hiyohiyo ya uchafu. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha kausha. Palipo na kidonda, sugua washa taratibu juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo.

Msumeno ukiendelea kutikisika, tafuta mwenye kosa. Tia alama kwenye jino moja na kwenye shafti. Weka kijiti karibu na meno, zungusha kwa mkono, na uone ni wapi msumeno unagusa. Legeza nati, geuza msumeno nusu mzunguko juu ya shafti, kaza, pima tena. Kosa likihama pamoja na msumeno, msumeno umepinda. Likibaki upande uleule wa shafti, tatizo ni washa au shafti. Jaribio hili halina gharama, nalo limewaokoa wengi kununua msumeno mpya bure.

UKIENDA BIWI

Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe ni zaidi ya kilomita 40, na nauli hailipwi mara mbili kwa furaha. Usiende na nati peke yake. Beba nati, washa na, ikiwezekana, shafti yenyewe. Mashine za zamani za Uingereza, kama Wadkin za Leicester, kwa kawaida zina vipimo vya inchi. Nyingine ni za milimita. Nati inaweza kuingia mizunguko miwili kisha ikakwama: hiyo si yake, na ukiilazimisha utakata uzi wa shafti. Mwambie mkereza vyuma waziwazi kama uzi ni wa kushoto. Pima pia tundu la msumeno. Tundu la milimita 30 kwenye shafti ya inchi moja, yaani milimita 25.4, linahitaji pete iliyokerezwa sawasawa, wala si bati lililokunjwa.

Ukishafunga nati mpya, hakikisha uzi wa shafti umetokeza nje yake. Zungusha msumeno kwa mkono kwanza. Kisha simama pembeni, si mbele ya meno, acha mashine izunguke dakika moja bila mbao, zima, chomoa waya, na ujaribu nati tena kwa spana.